Matanga ya Shamba la Bi Mwaisha

Bigwa, Morogoro
Jumapili, 13 Mei 2001

Mtani Thobias,

Shamba limepotea. Limepotea jana Jumamosi, kati ya saa nane na saa tisa alasiri, pamoja na ng'ombe wanne, kuku sita, farasi mmoja na mke. Nazungumzia shamba la kwenye gemu, ile sidii uliyonipa Krismasi ukasema, "Jaribu hii, isipopendwa utaiwekea kikombe cha chai juu." Ilipendwa. Ndiyo balaa lenyewe.

Usicheke kwanza, nikueleze, maana ninyi mlioko Kariakoo mnadhani huku tunacheza. Chumba changu kina televisheni moja, mashine ya gemu moja, pedi mbili za kuchezea na benchi la watu wanane. Nimekifungua kwa karanga nilizotembeza stendi miaka minne. Sikupewa na mjomba wala sikuhongwa na mtu. Siku za kazi wanakuja vijana wa mpira, wanapiga kelele nyingi na kulipa kidogo. Jumamosi wanakuja akina mama wanaoshusha mboga kutoka milimani. Wakishauza sokoni, wanatua matenga yao kwangu kupumzika kabla ya kupanda tena. Hao ndio waliolipenda lile shamba. Wamelilima kwa zamu tangu Januari kama wanavyolimiana huko kwao: mmoja anashika pedi, saba wanamfokea. "Mwagilia!" "Huoni magugu wewe?" "Usimpite ng'ombe hivyo, msalimie!" Kati ya watu kumi wanaonilipa, sita ni hao. Na mkubwa wao ni Bi Mwaisha, mwenye nyumba yangu.

Sasa. Jana vijana walitaka kuhifadhi ligi yao. Kadi ya memori ikawa imejaa. Nikakumbuka barua yako ya Machi, ninayo hapa: "Memori ikijaa, futa iliyo juu kabisa, hiyo ndiyo kuukuu." Nikafuta iliyo juu kabisa. Mtani, iliyo juu kabisa ndiyo shamba.

Saa tisa Bi Mwaisha akaingia, akatua tenga, akasema, "Niwashie, Subira hajakamuliwa." Subira ni ng'ombe. Ikatokea ile picha ya mwanzo kabisa: yule kijana wa gemu kasimama peke yake katikati ya mawe na magugu, kama mtu aliyeshushwa na lori sasa hivi. Bi Mwaisha akatazama, akatazama. Akaniuliza taratibu, "Wamehama?"

Nikamwambia wamefutwa.

"Wamefutwa na nani?"

Ningesema vijana. Ningesema umeme. Nikasema ni mimi. Akajitwisha tenga lake, akasimama mlangoni. "Veronika mwanangu, chumba changu sikumpangisha mtu anayefuta mashamba ya watu. Nakupa mpaka mwisho wa Juni. Nisipoona cha kuniridhisha, Dadi anakitaka." Dadi unamjua, yule wa video ng'ambo ya barabara. Siku zote anasema chumba changu kina kona nzuri.

Kwa hiyo niandikie gemu nzuri za karibuni, tatu. Nimesema nzuri kwa hawa mama, sitaki zile zinazokufurahisha wewe. Ushauri uliobomoa ni wako. Wa kujenga nao uwe wako.

Ni mimi,
Veronika


Kariakoo
Alhamisi, 17 Mei 2001

Mtani wangu Veronika, muuaji wa ng'ombe,

Pole kwa msiba. Wahenga walitugawia kazi: ukoo wenu mkifiwa, sisi watani wenu tuje tuwacheke, tuwanyang'anye sufuria, mpaka mkumbuke kuwa mko hai. Kwa hiyo nimecheka. Nimecheka hadi muuza vitenge wa jirani kaja kuuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Kuhusu ushauri wa Machi, mimi kibandani kwangu kipya huwa kinakaa chini. Sikujua kwenu kipya mnakipandisha kichwani kama tenga.

Haya, chukua gemu zako tatu. Nimezifunga na barua hii, nimempa kondakta wa basi la saa nne.

Ya kwanza ni ya magari, imeingia sokoni juzi tu. Jua linaakisi kwenye vioo mpaka unakunja uso. Skrini inagawanyika, watu wawili wanashindana, mbio haifiki dakika tano. Kwa biashara ya kulipia kila mchezo hakuna kama hiyo.

Ya pili ya ngumi. Wapiganaji zaidi ya ishirini, mmoja dubu. Haina kusoma wala kujifunza. Asiyejua kitu akibonyeza ovyo anaweza kumwangusha bingwa, ndiyo maana wageni wanaipenda.

Ya tatu ya kucheza ngoma. Mishale inapanda kwenye kioo, wewe unabonyeza kwa mdundo. Nyimbo za Kijapani, lakini mguu hauna kabila.

Ile ya jumba la mazimwi nimeiacha makusudi. Ndiyo bora kuliko zote mwaka huu, lakini watu wa moyo mwembamba watakuangushia benchi. Na zile za hadithi ndefu zenye Kiingereza kingi ni za mtu mwenye mashine yake sebuleni na mshahara wa kumtuliza. Kwenye chumba cha kulipia zinakula siku nzima.

Mashine ikisitasita kusoma, igeuze chini juu, ifanye kazi ikiwa imelala chali. Lenzi imechoka, inataka kulegezwa mgongo. Ndivyo wanavyofanya hata huku.

Halafu nieleze: hilo shamba lilikuwaje? Ng'ombe wengine waliitwa nani? Kabichi zilikaa upande gani wa nyumba? Mke ni yupi kati ya wale wasichana watano? Nauliza kwa ajili ya kuomboleza tu. Mtani hawezi kumlilia marehemu asiyemjua jina.

Wako katika kicheko,
Thobias


Bigwa
Jumapili, 27 Mei 2001

Mtani,

Gemu zako tatu zimehukumiwa. Nakupa hukumu kama zilivyotolewa, sijaongeza chumvi.

Magari. Mama Upendo alishika pedi, akaenda polepole, akasimama kwenye kona akisubiri wengine wapite. Nikamwambia ni mashindano. Akasema, "Huyu anakimbia hivi amebeba nini? Mbona gari tupu?" Wakaona ni dereva mwendawazimu, wakamwacha njiani.

Ngumi. Walimuuliza yule kijana mwenye nywele za miiba kama ana mjomba. Nikasema sijui. "Angekuwa na mjomba asingepigana barabarani na dubu." Bi Mwaisha hakushika pedi kabisa. Alikaa pembeni akisuka ukili, macho juu ya dari yangu kama anazihesabu mbao.

Ngoma. Hii nusura. Mama wawili walisimama, kiuno kikaanza kuitika, nikasema moyoni, Thobias kaniokoa. Kisha mashine ikawaandikia kwamba wamekosea, kwa herufi nyekundu. Mama Upendo akaigeukia: "Mimi nimecheza ngoma kabla hujazaliwa, leo unanisahihisha?" Wakakaa. Vijana ndio wanaoicheza sasa, hiyo faida naikubali, nisiwe mchoyo. Magari pia yanawaleta vijana. Lakini vijana hawana chumba cha kunipokonya.

Na sasa sikia jambo jipya. Akina mama wameweka matanga. Usidhani ni neno tu. Jumamosi walikuja bila tenga hata moja kichwani, wakatandika mkeka mbele ya mlango wangu, wakakaa. Anayepita akiuliza kuna nini wanamjibu, "Tumefiwa na shamba." Watu wa Bigwa wanavyopenda jambo, wanaketi pia. Kuna mtu alileta togwa. Kuna mzee alileta rambirambi ya ndizi, alipoelezwa ni ng'ombe wa kwenye televisheni akacheka mpaka akakohoa, lakini ndizi hakuzichukua. Mkeka umejaa vicheko, mlango wangu umeziba, ndani hakuna mteja. Dadi katoka kwake na kamba ya kiatu, akaupima mlango wangu upana. Nikamuuliza, "Unapima jeneza?" Akasema, "Napima kabati."

Wenyewe wanacheka, Thobias, lakini Bi Mwaisha akimaliza kucheka ananitazama. Nilimuuliza matanga haya yanaanuliwa lini. Akasema, "Msiba una mtani wake. Mtani hajafika."

Majina uliyoyataka: Subira ndiye mkubwa, wa madoa. Tuliza, Shukurani, na yule mdogo Mjukuu. Kabichi upande wa kushoto ukitoka mlangoni, nyanya karibu na mto, mahindi nyuma. Farasi aliitwa Bwana Shamba kwa sababu hakufanya kazi yoyote. Mke alikuwa yule wa duka la mikate, walimchagua kwa kura, watano kwa watatu. Kuku sikuyashika majina yao, samahani kwa marehemu.

Tuma gemu nyingine. Fikiri kabla ya kufunga bahasha.

Veronika


Kariakoo
Jumapili, 3 Juni 2001

Mtani,

Barua fupi, nina kazi.

Nakutumia mbili. Moja ya kuvua samaki, tulivu kama Jumapili, maji yanasikika kabisa. Nyingine ya matofali yanayodondoka, unayapanga yasiache tundu. Hii ni kuukuu lakini nimeona hata wahasibu wakiisahau nyumba kwa sababu yake. Mtu mzima asiyependa mambo ya kitoto utampata hapo.

Bi Mwaisha mwambie mtani anakuja kwa njia yake.

Nyanya zilikuwa mistari mingapi? Na ng'ombe walilala zizini kila usiku au waliachwa nje mvua isiponyesha? Jibu haraka, usinihoji.

Thobias


Bigwa
Jumapili, 10 Juni 2001

Thobias,

Mistari mitano. Walilala zizini. Sijui inakusaidia nini na sitauliza tena.

Ya samaki: "Anavua, anamrudisha majini? Huyo ameshiba." Imekwisha hiyo. Ya matofali imempata mtu mmoja, naye ni Dadi. Anavuka barabara kila jioni, analipa, anapanga matofali, anatazama kona ya chumba. Umenipa mteja anayesubiri nifukuzwe.

Sasa niseme lililonikaa kooni. Anselmi, kijana wa mjomba Severini, alikuja Kariakoo Jumatano kununua redio. Nilimpa salamu zako na mfuko wa machungwa ya Matombo. Alifika kibandani kwako saa saba mchana, saa ya wateja, akakuta pazia limeshushwa. Akamuuliza muuza vitenge. Akaambiwa, "Bosi yupo ndani na mtu. Hataki kusumbuliwa, wiki ya tatu hii. Tunamsikia anabembeleza: kula kidogo mama, usinune, kesho nitakuchana nywele." Anselmi kaacha machungwa mlangoni, kaja kunisimulia mbele ya mkeka mzima.

Hainihusu. Wewe ni mtu mzima, kibanda ni chako, pazia ni lako. Ila mimi huku nahesabu siku zilizobaki za chumba nilichokifungua kwa karanga, na wewe unayesema una kazi, kazi yako inachanwa nywele. Ungeniambia tu nisikutegemee, ningemtafuta mwingine anayejua gemu. Wapo.

Akina mama walishika mashavu. Mama Upendo akasema, "Watani hawa!" Bi Mwaisha alinitazama mimi, sijui kwa nini alinitazama mimi.

Machungwa yalikuwa ishirini. Natumaini mgeni wako ameyapenda.

Veronika binti Yakobo


Kariakoo
Alhamisi, 14 Juni 2001

Veronika binti Yakobo, mwenye hasira za haki,

Mgeni wangu ni ng'ombe.

Fungua kitambaa kilichokuja na barua hii, usikivute, ndani kuna kadi ya memori. Chomeka tundu la kwanza, washa sidii ya shamba, chagua iliyo juu kabisa. Ndiyo, juu kabisa. Usifute kitu chochote, hata ukiniota nakwambia ufute.

Subira hana raha asipopigwa brashi kila siku, na akinuna hatoi maziwa. Sikulijua hilo mpaka aliponuna. Nilikuwa nauza sidii na kutengeneza redio za watu asubuhi, mchana nashusha pazia, nalima shamba lenu upya. Nilizituma zile gemu tano ili akina mama wasichoke kusubiri, na zile barua za maswali ndizo hizo. Sikukwambia kwa sababu nilikwisha kukupa ushauri mmoja ukauamini, nikaona wa pili uje ukiwa umekamilika.

Kilichopungua nakitaja: kuku ni watano, mmoja alichukuliwa na mbwa, nami nilikuwa namhudumia mteja. Mjukuu bado ni ndama. Na mke sikuoa. Yule wa mikate nilimpelekea zawadi, akaanza kunikubali, nikaona si haki mimi kuwaolea watu mke bila wao kupiga kura.

Machungwa niliyala yote. Yalinikumbusha nyumbani mpaka nikakosea kumwagilia.

Thobias


Bigwa
Jumapili, 17 Juni 2001

Thobias,

Nakaa chini kukuandikia kabla sijapoa, maana nikipoa nitaandika kwa akili.

Jana saa nane nilichomeka memori yako. Mkeka ulikuwa mlangoni na watu juu yake. Sikumwambia mtu neno. Niliwasha, mashine ikagoma, nikaigeuza chini juu, ikasoma. Kisha ule muziki wa asubuhi ya shamba ukatoka nje hadi barabarani.

Mama Upendo ndiye aliyeingia kwanza. Akapiga yowe moja, sikujua kama ni la furaha au nyoka. Wakaingia wote na mkeka wao. Wakaenda zizini moja kwa moja. "Subira!" "Tuliza huyo!" "Mjukuu hajakua, jamani, mtoto wa watu!" Walimkamua Subira kwa zamu, kila mmoja akitaka amguse. Walihesabu kuku wakakuta watano, wakaniuliza, nikawasomea maneno yako kuhusu mbwa. Wakasema hilo ni la kweli, shamba lisilopoteza kuku ni la uongo.

Kisha Bi Mwaisha akashika pedi, akatoka kwenda kwenye kabichi. Hapo akasimama. Thobias, nikafikiri umekosea kitu na mimi nimekwisha.

Kuna jambo sikukuandikia, kwa sababu nilishalizoea sikulikumbuka. Wale mama walipolima shamba lao la kwanza hawakulifyeka lote. Kila baada ya mistari michache waliacha ukanda wa majani uliokatiza shamba, kuzuia udongo usishuke na mvua. Vijana waliwacheka: kwenye gemu ardhi ni bapa kama sinia, mvua haichukui udongo, mnapoteza nafasi. Wakajibiwa, "Wewe lima lako." Sasa kwenye shamba lako ukanda upo. Baada ya kabichi, ukanda wa majani. Baada ya nyanya, ukanda wa majani. Hakuna aliyekuambia. Mkono wako umeacha wenyewe.

Bi Mwaisha akauliza, "Huyu aliyelima ni mtoto wa nani?"

Nikasema ni Thobias wa Matombo, mtani wetu, anauza sidii Kariakoo.

"Miaka mingapi yuko huko?"

"Tisa."

"Na bado anaogopa udongo kushuka." Akaiweka pedi chini kwa adabu kama mtu anayerudisha jembe la jirani. "Huyo mjini ni mgeni."

Sasa hukumu yao, nayo imepitishwa bila kura. Shamba la kwanza limekufa, hawakubali kuambiwa limefufuka. Hili lako ni mrithi. Na mrithi harithi jina kimyakimya: Jumamosi hii, tarehe 23, matanga yanaanuliwa hapa mlangoni kwangu, shamba jipya litavishwa jina la marehemu, togwa imekwisha kuvundikwa, na Dadi mwenyewe ameombwa televisheni yake ya pili ili watu wa nje waone. Amekubali. Anaonekana kama mtu aliyepima mlango akajikuta mgeni mwalikwa. Lakini matanga hayaanuliwi bila mtani, na mtani ni wewe.

Kuhusu chumba: Bi Mwaisha amesema nikae. Halafu akaongeza la pili. Chumba cha nyuma, kile cha magunia, anakitoa. Kinaingia mashine mbili na meza ya fundi. Nimekwisha kupiga hesabu: magari na ngoma kwa vijana upande ule, shamba upande huu, na mtu wa kutengeneza lenzi asiyenitumia ushauri kwa posta. Lakini hanipi mimi peke yangu. Amesema, "Nakitoa kwa wawili, wewe na aliyelima." Na Dadi naye anakitaka hicho, kwa hiyo Bi Mwaisha anataka kujua Jumamosi jua likiwa bado juu.

Akina mama wanasema mengine pia. Wanauliza kama una mke huko. Nikasema mimi nitajuaje. Wakacheka kicheko kile. Mama Upendo akasema mwanamume aliyeshindwa kuoa hata kwenye gemu anahitaji kusaidiwa. Mimi nikaendelea kugeuza mashine. Lakini wewe nakuuliza mwenyewe, kwa mkono wangu, maana mambo yangu yote nimeyaanzisha mwenyewe na sijawahi kujuta. Mtu hashushi pazia wiki tatu, akafukuza wateja saa saba mchana, kwa ajili ya ng'ombe wa Bi Mwaisha. Nimejumlisha, nimetoa, nimegawa. Jibu linalobaki ni moja, na sitaki kulisema mimi.

Nakupa maswali mawili. Unakuja kukaa, si kutembea? Na ulilima kwa ajili ya nani?

Usiniletee utani, usiniletee gemu nyingine, usiniulize rangi ya kuku. Mpe jibu kondakta wa basi la saa nne, Alhamisi. Nitakuwa nimesimama stendi kabla halijazima injini. Neno moja tu, Thobias, kwa kila swali.

Veronika